Kurekebisha jeni za binadamu: Tusimsingizie Mungu

HEBU nikuulize swali, msomaji mpendwa, na tafadhali usikimbilie kulijibu. Ikiwa mtoto wako amezaliwa na ugonjwa ulioandikwa katika damu yake tangu alipokuwa tumboni, kisha daktari akakwambia kwamba anaweza kuufuta mwandiko huo na kuandika mwingine, utamruhusu? Na ukimruhusu, utakuwa umemshukuru Mungu aliyempa daktari maarifa, au utakuwa umethubutu kumsahihisha Mungu?

Miaka michache iliyopita swali hili lingekuwa la kupitishia wakati tu. Leo hali ni tofauti. Mnamo Novemba 16, 2023, Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba inayohariri jeni za mgonjwa kwa mbinu inayoitwa CRISPR. Wiki tatu baadaye, Desemba 8, Marekani ikafuata. Tiba hiyo inaitwa Casgevy, na ugonjwa ilioidhinishwa kuutibu nchini Marekani siku hiyo ni selimundu, au sikoseli kama wengi wetu tulivyozoea kuuita. Naam, ugonjwa ule ule unaowaliza wazazi wa Nyanza, Magharibi na Pwani.

Nasikitika kwamba mjadala huu unatupita. Oktoba 2022, serikali ilipoondoa marufuku ya vyakula vya GMO iliyokuwa imedumu tangu 2012, wahubiri, wanasiasa na wauza mboga wote walikuwa na la kusema. Tulibishana kuhusu jeni za mahindi hadi koo zikakauka. Kuhusu jeni za binadamu, wanaofungua kinywa ni wachache mno, na wengi wao husema neno moja tu kisha wakaketi: huko ni kumwingilia Mungu kazi yake.

Mimi ni Mkristo, na jibu hilo haliniridhishi. Linafunga mlango kabla hatujaona kilichomo chumbani.

KOSA LA HERUFI MOJA

Mwili wa binadamu una kitabu cha maagizo, DNA, chenye herufi zipatazo bilioni 3. Kipande cha kitabu hicho kinachotoa agizo fulani ndicho tunachokiita jeni. Katika jeni inayoagiza utengenezaji wa himoglobini, yaani kile kitu chekundu katika damu kinachobeba oksijeni, kosa la herufi moja tu linatosha kuzifanya chembe nyekundu zipinde mithili ya mundu. Chembe nzima, zilizo laini na za mviringo, hupita katika mishipa myembamba bila taabu. Zilizopinda hunasa, zikasongamana, na kiungo kilicho mbele kikakosa damu. Hapo ndipo mtoto analia usiku kucha akishika miguu, macho yakawa ya manjano, vidole vikavimba. Wengine huishiwa na damu ghafla. Wengine hupigwa na kiharusi wakiwa bado shule ya msingi.

Ili mtoto augue, sharti arithi jeni yenye kosa kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Huyo vipimo humwandika SS. Akirithi moja tu, ataandikwa AS. Yeye ni mbebaji, na kwa kawaida ataishi maisha yake bila kujua. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Nasisitiza, kila mimba. Wako wanaodhani kwamba wakishampata mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata wamesalimika. La hasha. Hesabu huanza upya kila mara.

Sasa hii CRISPR ni nini? Mwaka 2012, Jennifer Doudna wa Marekani na Emmanuelle Charpentier wa Ufaransa walionyesha kwamba silaha ambayo bakteria hutumia kujikinga na virusi inaweza kuelekezwa ikate DNA mahali hasa panapotakiwa. Walituzwa Nobeli ya Kemia mwaka 2020. Wewe msomaji wa magazeti utaielewa upesi ukimfikiria mhariri: anaambiwa ukurasa, aya na neno, kisha anafika hapo na kalamu nyekundu. (Wahariri tunawajua. Mara hukata penye kosa, mara hukata penye utamu. Liweke hilo akilini, maana litatufaa baadaye.)

Ajabu ni kwamba Casgevy haiigusi ile herufi yenye kosa. Kila mmoja wetu alipokuwa tumboni alitumia himoglobini ya kitoto, ambayo haipindishi chembe. Baada ya kuzaliwa, jeni nyingine iitwayo BCL11A huizima, kama mtu azimavyo taa ya kibarazani kukipambazuka. Madaktari huchukua seli shina za mgonjwa, wakazipeleka maabara, wakaiharibu swichi hiyo ili taa iwake tena. Kabla ya kumrudishia seli zake, humpa dawa kali ya kufuta uboho wake wa zamani, dawa ya aina inayotumiwa kwa wagonjwa wa saratani, ambayo yaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Mgonjwa hukaa hospitalini wiki kadhaa akilindwa dhidi ya kila kijidudu. Kwa hivyo anayekwambia kwamba kuhariri jeni ni kama kudungwa sindano ya chanjo na kurudi nyumbani, anakudanganya.

Lakini matokeo yake si haba. Katika majaribio yaliyoifanya Marekani itoe kibali, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupatwa na maumivu makali. Wa kwanza wao nchini Marekani alikuwa Victoria Gray, mama wa watoto wanne kutoka Mississippi, aliyetibiwa mwaka 2019. Machi 2023 alisimama mbele ya wanasayansi waliokusanyika London na kuwasimulia maisha yake ya zamani na ya sasa. Mama huyo hafichi imani yake kwa Mungu. Je, nimwambie amefanya dhambi kwa kupona? Mimi sithubutu.

NANI ALIYETENDA DHAMBI?

Katika Injili ya Yohana, mlango wa tisa, Yesu anapita na wanafunzi wake na wanamkuta mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanauliza swali ambalo kila mzazi wa mtoto mwenye selimundu amewahi kuulizwa, ama kwa maneno ama kwa macho: nani aliyetenda dhambi, ni huyu au ni wazazi wake? Kwao Waluo wengine huiita chira, laana ya kuvunja mwiko. Kwingine mama huambiwa ameleta damu mbaya katika ukoo. Ndoa zimevunjika kwa ajili ya neno hilo, na mara nyingi anayefukuzwa ni mke, ilhali jeni imetoka kwa wote wawili sawasawa.

Yesu alikataa kabisa kumtafuta mwenye kosa. Kisha akafanya jambo ambalo wahubiri wetu hulipitia haraka: alitema mate, akafinyanga tope, akampaka yule mtu machoni, akamtuma akanawe. Angeweza kusema neno tu, kama alivyofanya kwingine. Hapa alichafua vidole. Alichukua kitu cha ardhini akakitumia kutibu kasoro ambayo mtu alizaliwa nayo, na wala hakusema kwamba kwa kuwa alizaliwa hivyo, basi aachwe hivyo.

Ndiyo maana wale wanaoshika Zaburi ya 139, ile inayosema kwamba Mungu ndiye aliyetuumba tumboni mwa mama zetu, na kuitumia kama kufuli la kuzuia tiba, nadhani wanaisoma nusu. Ukiifuata hoja yao hadi mwisho, hatungemfanyia upasuaji mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, wala hatungemvika miwani mwenye macho mafupi. Mtoto ni kazi ya Mungu. Maumivu yake tusimsingizie Mungu.

Kwa hivyo msimamo wangu kuhusu mgonjwa aliye mbele yetu, mwenye jina, mwenye kinywa cha kusema ndiyo au hapana, ni huu: akitaka kutibiwa kwa kuhariri jeni katika damu yake, na atibiwe. Sisemi haya peke yangu. Kanisa Katoliki, katika waraka wake Dignitas Personae wa mwaka 2008, lilieleza kwamba kurekebisha jeni katika seli za kawaida za mwili kwa lengo la kutibu ni halali kimsingi, mradi mgonjwa asitiwe katika hatari isiyo na kiasi na awe ametoa ridhaa yake. Wengi waliodhani Roma ingekataa kila kitu hawajausoma.

Waislamu nao wana mjadala wao, na ugonjwa huu wa Pwani hauulizi mtu anaswali wapi. Sitajitia kuwasemea, wao wana wanazuoni wao.

PALE AMBAPO MIMI NASEMA HAPANA

Waraka huo huo unaweka mpaka, na mpaka huo ndio kiini cha mambo. Jeni iliyohaririwa katika uboho wa Victoria Gray itazikwa pamoja naye. Watoto wake hawairithi. Lakini ukihariri kiinitete, kile kijusi cha siku chache cha ukubwa wa nukta, unabadilisha kila seli ya mtu atakayezaliwa, zikiwemo mbegu zake za uzazi. Anayezaliwa ataipitisha kwa mwanawe, na mwanawe kwa mjukuu. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Jambo hili limekwisha kutendeka. Novemba 2018, mwanasayansi wa Uchina, He Jiankui, alitangaza kwamba wasichana pacha walikuwa wamezaliwa baada ya yeye kuhariri jeni zao wakiwa viinitete. Alikusudia kuharibu jeni iitwayo CCR5, ambayo ni mlango unaotumiwa na virusi vya Ukimwi kuingilia seli. Baba yao alikuwa na virusi hivyo. Dunia nzima ilipigwa na butwaa, na Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu na faini ya yuan milioni 3. Ilibainika pia kwamba kulikuwa na mtoto wa tatu.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuwa profesa kuona ubovu wa kazi ile. Hapa kwetu, akina mama wenye virusi vya Ukimwi hujifungua watoto salama kila siku, kwa tembe zinazotolewa katika zahanati za kawaida. Na baba mwenye virusi anaweza kupata mtoto asiye navyo bila mtu yeyote kugusa jeni za mtoto. Watoto wale walifanywa uwanja wa majaribio kwa tatizo lililokuwa na ufumbuzi tayari. Isitoshe, uchunguzi wa takwimu alizozionyesha ulidhihirisha kwamba kalamu yake haikukata jinsi alivyokusudia. Nilikwambia uweke akilini habari za wahariri. Gazeti likikosea leo, kesho linachapisha masahihisho. Mtoto hachapishwi upya.

Makanisa yaliliona hili mapema. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilitaka, mwaka 1989, majaribio ya kubadilisha jeni za urithi za binadamu yapigwe marufuku kwa wakati ule, miaka 23 kabla ya CRISPR kuvumbuliwa. Waraka wa Roma wa 2008 nao unasema kwamba, kwa hali ya mambo ilivyo, kumhatarisha mtoto kwa njia hiyo hakukubaliki. Angalieni, wote wawili waliacha neno la wakati. Hawakusema kwamba kitu hicho ni uchafu milele.

Nakiri kwamba upande wa pili una hoja nzito. Wafikirie mume na mke, wote AS, ambao wamekwisha kumzika mtoto mmoja. Wakiuliza kwa nini mtoto wa pili aachwe azaliwe na maumivu kwanza ndipo atibiwe, ilhali angeweza kurekebishwa kabla, utawajibu nini? Kuwaambia kwamba Mungu ana makusudi yake ni rahisi ukiwa umevaa joho. Mimi ningewaambia ukweli: leo hakuna mtu duniani anayeweza kuwahakikishia kwamba kalamu itakata pale tu, na kwamba itakata katika kila seli. Tena viinitete vinavyotumika katika majaribio ya namna hiyo ni vingi na vingi hutupwa, na Mkristo anayeamini kwamba uhai huanza pale mimba inapotungwa hawezi kulipita jambo hilo akiwa amefumba macho.

JENI INAYOUA NDIYO INAYOOKOA

Kuna sababu nyingine ya kutokuwa na pupa, na hii ilivumbuliwa hapa hapa kwetu.

Anthony Allison alikulia Gilgil, ambako wazazi wake walikuwa wakulima. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alirudi Kenya na kukusanya damu ya watu wa makabila mbalimbali. Alipoipima aligundua jambo la kushangaza: jeni ya selimundu ilikuwa imeenea mno Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako zaidi ya asilimia 20 ya watu katika baadhi ya jamii walikuwa wabebaji, lakini nyanda za juu haikufika hata asilimia moja. Kwa nini jeni inayoua watoto iwe nyingi hivyo? Aliitazama ramani akaona kwamba penye jeni hiyo ndipo penye mbu. Mwaka 1954 alichapisha jibu: mtoto wa AS hukingwa dhidi ya malaria. Utafiti wa baadaye Kilifi ulionyesha kwamba wabebaji wana kinga ya takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Fikiri jambo hilo kidogo. Jeni moja. Ukiwa nayo moja, inakuvusha utotoni katika nchi ya mbu. Ukiwa nazo mbili, inakuua, na malaria yenyewe ndiyo mojawapo ya wauaji wakubwa wa mtoto wa SS. Babu zetu wa ziwani na Pwani wengi waliishi hadi kuzaa kwa sababu ya kitu ambacho leo mtu aliyeketi maabara ng'ambo anaweza kukiita takataka ya kufutwa katika uzao wote wa binadamu. Angelifuta hilo mwaka 1948, mwaka mmoja kabla ya Allison kuja na chupa zake za damu, angeonekana shujaa.

Na herufi nyingine ngapi katika zile bilioni 3 tunaziona makosa kwa sababu hatujamtuma Allison mwingine?

WALIPOTAKA KUTUBORESHA

Kuna wanaosema tusiishie kwenye magonjwa. Wanataka watoto warefu zaidi, wenye akili zaidi. Hapo sina subira, na naomba unielewe kwa kuangalia nyuma.

Mwaka 1933, hapa Nairobi, madaktari na walowezi wa Kizungu waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa nasaba. Kiongozi wao, Dkt H. L. Gordon, alikuwa akihudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwenzake, Dkt F. W. Vint, alipima ubongo wa maiti za Waafrika, na kutokana na vipimo hivyo wakadai kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu wa kuzaliwa. Waliiomba London fedha za kuendeleza utafiti. London haikutoa, na chama kikafifia. Hawakuwa wahuni wa mitaani. Walikuwa na digrii na darubini.

Wala Wakristo tusijidai kwamba mikono yetu ilikuwa safi. Nchini Marekani, kuanzia 1926, chama cha wafuasi wa mawazo hayo kiliandaa mashindano ya mahubiri, na wachungaji na marabi wakashindana kuhubiri jinsi ya kupunguza uzazi wa wanaoitwa dhaifu. Kwa hivyo anapotokea mtu leo akaniambia anajua ni binadamu yupi aliye bora, humuuliza kwanza ni nani aliyeshika rula.

MILIONI MIA MBILI NA THEMANINI

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo ninapokasirika. Bei ya Casgevy iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa pesa zetu ni zaidi ya Sh280 milioni, na hapo hujalipia kitanda. Serikali ya Uingereza ilikubali Januari 2025 kuwagharimia wagonjwa wake kupitia mfumo wa afya wa umma, baada ya mabishano marefu kuhusu bei. Kwa mwaka 2021, watafiti walikadiria kwamba watoto 515,000 walizaliwa na selimundu duniani, zaidi ya robo tatu wakiwa katika Afrika kusini mwa Sahara. Tiba iko kule, wagonjwa wako huku.

Wapo wanaojaribu kulirekebisha hilo. Mwaka 2019 taasisi za afya za serikali ya Marekani na wakfu wa Gates ziliahidi angalau dola milioni 100 kila upande kutafuta tiba za jeni za selimundu na Ukimwi ambazo nchi kama yetu zitazimudu. Natumaini watafika. Lakini mtoto wa miaka miwili anayelia Kondele au Kisauni usiku huu hawezi kusubiri tumaini langu.

Na hahitaji kusubiri. Kuna dawa iitwayo haidroksiyurea, ya kumeza kila siku, ambayo Marekani iliidhinisha kwa wagonjwa wa selimundu tangu 1998. Nayo, kwa njia yake ya kizamani, huwasha ile ile taa ya himoglobini ya kitoto. Utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yake kutangazwa Desemba 2018, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo. Ongeza penisilini ya kila siku kwa mtoto mdogo, chanjo ya nimonia ambayo Kenya imekuwa ikitoa tangu 2011, na dawa ya kuzuia malaria. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kuhariri chochote.

Kinachohitajika ni kumtambua mtoto mapema. Tone la damu kisiginoni baada ya kuzaliwa linatosha. Wataalamu wamekadiria kwamba barani Afrika nusu ya watoto hawa au zaidi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi wao bila yeyote kujua walikuwa wakiugua nini. Kwenye jeneza huandikwa malaria, au haiandikwi kitu.

Hapa ndipo ningependa kusikia sauti ya makanisa yetu, ambayo yana hospitali na zahanati kote nchini, Maseno na Mumias zikiwa katikati kabisa ya eneo la ugonjwa. Askofu anaweza kutoa hotuba ya saa nzima kuhusu hatari ya kuumba watoto wa maabara, na nitampigia makofi, kisha nimuulize ni watoto wangapi waliopimwa selimundu katika wodi yake ya wazazi wiki iliyopita.

Tena kuna hili la ndoa. Huko Nigeria makanisa mengi hudai cheti cha damu kabla ya kufungisha harusi, na wengine hukataa kabisa kuwafungisha AS na AS. Baadhi ya makanisa yetu yaliwahi kudai vyeti vya Ukimwi kwa namna hiyo hiyo. Mimi naunga mkono kupima, napinga kukataza. Vijana wa Nairobi siku hizi huoana bila kuulizana kijiji, na ni vyema wajue kilichomo ndani ya damu zao mapema, kabla ya mahari, kabla ya kadi za mwaliko. Wakishajua, waachiwe waamue wakiwa na mshauri kando yao. Mchungaji anayewatenganisha wachumba kwa sababu ya herufi moja ya jeni amerudi kwenye lile swali la wanafunzi, la nani mwenye dhambi.

Kipimo chenyewe huitwa elektroforesisi ya himoglobini. Hospitali kubwa za mijini hukifanya, na majibu huja yakiwa AA, AS au SS. Ukiwa na asili ya ziwani, ya Magharibi au ya Pwani, hata kama ulizaliwa Buruburu na hujui njia ya kwenda ushago, ulizia. Ukiwa na mtoto ambaye kila mara anaongezewa damu na kuambiwa ni malaria, mdai daktari akifanye kabla hujaondoka.

Siku ya Selimundu Duniani huadhimishwa kila Juni 19. Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo, mchungaji wako akikubali kusoma Yohana mlango wa tisa, muulize pia kama muuguzi anaweza kuwekewa meza na sindano zake nje ya kanisa ibada ikiisha.